Dodoso peke yake halitoshi

Ndugu uliyeuliza kama dodoso linatosha kwa tasnifu yako ya mahudhurio ya ibada, hapana halitoshi, na sio kwamba watu ni waongo, ila ukimuuliza mtu "wiki iliyopita ulienda kanisani?" yeye anasikia "we ni Mkristo mzuri kweli?" na anajibu hilo la pili. Cheki utafiti wa Hadaway, Marler na Chaves, wanasosholojia wa Marekani, wa 1993. Kura za maoni Marekani zilikuwa zinasema karibu asilimia 40 wanaenda kanisani kila wiki, jamaa wakaingia kaunti ya Ashtabula kule Ohio wakakusanya hesabu za makanisa, kwingine wakahesabu hadi magari kwenye paking (hapo ndo niliwavulia kofia), Waprotestanti waliosema wameenda ni asilimia 36, waliopatikana kwenye hesabu ni asilimia 20 tu. Karibu nusu wameyeyuka!

Kwa hiyo usimtajie ibada kabisa, mwombe akusimulie Jumapili yake tangu alivyoamka mpaka kulala, kanisa kama lipo litajitokeza lenyewe. Afu nenda mwenyewe ukae benchi la nyuma uhesabu vichwa, wiki kadhaa, sio Pasaka tu.

Ila na kuhesabu nako kuna mtego, ukihesabu msikitini Ijumaa wanawake wengi utawakosa maana sala ile sio wajibu kwao, wanaswali nyumbani, utasema hawana dini? Hao wafuate kwa mahojiano, na tafuta dada wa kukusaidia kuuliza.