RIP toleo la kwanza na maski isiyotangazwa

Anayekabidhiwa mtandao wa zamani unaoendeshwa kwa RIP toleo la kwanza, itifaki ambayo ruta (vifaa vinavyoelekeza pakiti kati ya mitandao) hutumia kuambiana njia, namshauri aanze na jambo hili: tangazo la njia la itifaki hiyo, iliyoelezwa katika RFC 1058, waraka wa kiufundi wa intaneti wa mwaka 1988, hubeba anwani na idadi ya ruta za kupitia, lakini halibebi maski, yaani namba inayoonyesha ni biti ngapi za mwanzo za anwani zinazotaja mtandao. Ruta inayolipokea hukisia. Ikiwa anwani iliyotangazwa imo katika mtandao mkuu (mtandao mzima wa daraja lake, kabla ya kugawanywa) uleule wa kiolesura, yaani mlango wa ruta, kilichoipokea, hutumia maski ya kiolesura hicho; la sivyo, hurudi kwenye madaraja ya kale ya anwani, yaani maski ya biti 8 kwa daraja A, 16 kwa B na 24 kwa C.

Ndiyo maana ruta iliyo mpakani mwa mitandao mikuu miwili hujumlisha njia bila kuagizwa, yaani hutangaza mtandao mkuu mzima badala ya vipande vyake. Nimekutana na ofisi yenye matawi mawili, moja likitumia 172.16.1.0 na lingine 172.16.2.0, yote kwa maski ya 255.255.255.0, huku yakiunganishwa na makao makuu kwa viungo vyenye anwani za 192.168, ambazo ni za mtandao mkuu mwingine. Kila tawi lilitangaza 172.16.0.0 nzima, na ruta ya makao makuu ikaandika njia mbili zenye umbali sawa. Ukipiga ping (pakiti za majaribio zinazosubiri jibu) kutoka kwenye ruta hiyo, pakiti moja ilijibiwa, iliyofuata ikapotea, ya tatu ikajibiwa. Mafundi walikwishalaumu kebo, ingawa kebo mbovu haina nidhamu ya namna hiyo. Katika hali kama hii fungua kwanza jedwali la njia: ukikuta 172.16.0.0 imeandikwa mara mbili, kila moja ikielekea upande wake, tatizo umelipata.

Dawa ni toleo la pili, ambalo hubeba maski. Kwenye ruta za Cisco, amri ya version 2 peke yake haitoshi, kwa sababu toleo hilo nalo hujumlisha lenyewe mpaka uandike no auto-summary, na hii ya pili ndiyo husahaulika. Badilisha ruta zote kwa pamoja, kwani iliyoamriwa toleo la pili haisikilizi tena la kwanza. Kisha usiwe na haraka ya kukata tamaa: njia ya zamani huweza kubaki kwenye jedwali hadi sekunde 240, usipoifuta mwenyewe.

Kujumlisha kwenyewe si kubaya, mradi mpaka uuchague wewe. Mitandao ya 10.20.4.0 hadi 10.20.7.0 huingia kikamilifu chini ya maski ya 255.255.252.0, kwa kuwa biti 6 za mwanzo za namba ya tatu zinafanana. Ile ya 10.20.3.0 hadi 10.20.6.0 nayo ni minne, ila haiingii. Ukilazimisha tangazo moja utahitaji 10.20.0.0 kwa maski ya 255.255.248.0, na hapo ruta yako itakuwa inadai pia mitandao ya 10.20.0.0, 10.20.1.0, 10.20.2.0 na 10.20.7.0, ambayo huenda iko tawi jingine kabisa.