Programu ya video ya Kodi inakwamakwama baada ya kuapdeti Ubuntu (kadi ya picha NVIDIA GT 710)

Mkuu, kadi haijafa. Umesema umeapdeti, ukawasha upya, TV ikabaki 1024x768 na video zinakatakata. Mimi yalinikuta hayohayo na GT 710, nikakesha bure nikibadilisha waya za HDMI.

Fungua terminal, anza na `lspci -k | grep -A3 VGA`, inaonyesha kadi inatumia draiva gani. Ukiona nouveau (draiva huria inayokuja na Linux), au mstari wa "Kernel driver in use" haupo kabisa, basi draiva ya NVIDIA haijapanda. Ila usikimbilie toleo jipya! GT 710 ni ya kizazi cha Kepler, na mfululizo wa mwisho kuihudumia ni 470. Ukiweka 535 itaingia bila kulalamika, halafu kadi haitambuliki. Ing'oe kwanza kwa `sudo apt purge 'nvidia-*'`, ndipo uweke `nvidia-driver-470`.

Kisha `dkms status` (DKMS ndiyo inayojenga moduli, yaani kipande cha draiva kinachoingia kwenye kerneli, kiini cha mfumo). Ikiandika "added" badala ya "installed", moduli haikujengwa kwa kerneli mpya. Mara nyingi ni `linux-headers-generic` haipo. Ikigoma bado, washa kwa kerneli ya zamani kupitia Advanced options kwenye GRUB, ile menyu ya kuwashia mashine.

Angalia pia `mokutil --sb-state`. Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwasha mashine) ikiwa imewashwa, moduli isiyosainiwa kwa ufunguo unaoaminika inakataliwa. Ile skrini ya bluu inayojitokeza mara moja tu ukiwasha upya baada ya kusakinisha draiva, wengi tunaipita kwa Continue. Hapo chagua Enroll MOK (kusajili ufunguo wa kusaini moduli), uandike nywila uliyoiweka wakati wa kusakinisha draiva. Mimi niliizima Secure Boot kabisa, mashine yenyewe ni ya kuangalia mpira sebuleni.

Ikishindikana, bandika hapa majibu ya `dkms status`.