Kwako unayeanza kupokea malalamiko dhidi ya madaktari wa mifugo

Kabla hujafungua jalada, fungua rejista ya waliosajiliwa na Baraza la Veterinari. Vijijini kwetu kila anayetembea na bomba la sindano huitwa daktari, na mlalamikaji hatakuambia tofauti kwa sababu hakuwahi kuelezwa. Sheria ya Veterinari ya Tanzania ya mwaka 2003 imemtenga daktari mwenye shahada na wasaidizi wenye stashahada au astashahada, na kila mmoja ana mipaka ya kazi yake. Ukikuta jina halimo kabisa, hapo hakuna utovu wa maadili wa taaluma wa kujadili. Huyo anatibu bila usajili, na hilo ni kosa la jinai. Nimeona jalada likizungushwa miezi mitatu kabla mtu hajauliza swali hilo.

Pili, kufa kwa mnyama peke yake si ushahidi wa kosa. Hili ndilo gumu kulikubali ukiwa mbele ya mtu aliyepoteza ng'ombe wake wa pekee.

Mama mmoja alinijia akiwa na chupa tupu ya oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, aliyoifunga kwenye upindo wa khanga. Ng'ombe wake wa maziwa alichomwa sindano Jumatatu, Jumatano akafa akitoa povu puani. "Mwanangu, daktari ameniulia ng'ombe," alisema. Nilisoma lebo: dawa haikuwa imepitwa na muda. Lakini povu lile na homa aliyonisimulia vilinielekeza kwenye ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, na ugonjwa huo ukishakomaa, dawa ile haiuwezi. Moyoni nilishamhukumu daktari.

Kisha likaja daftari lake. Ukurasa wa Jumatatu uliandikwa: joto 41, tezi za chini ya masikio zimevimba, nimeshauri buparvakwoni, mwenye mali hana pesa, nimechoma OTC. Buparvakwoni ndiyo dawa ya ndigana; OTC ni ile oksitetrasaiklini. Nilipomuuliza mama taratibu, alikiri kwamba bei ilitajwa. Asichoelezwa ni kwamba ile ya bei nafuu isingemponya ng'ombe. Shauri likabadilika sura: matibabu yalieleweka, maelezo kwa mfugaji hayakutosha. Daktari alionywa kwa hilo, si kwa kifo.

Basi jifunze kudai vitu vidogo mapema, maana hupotea haraka. Chupa na namba yake ya bechi, risiti, ujumbe wa simu, daftari la daktari. Nakili daftari siku ileile unayolipata. Mzoga ukiwa bado upo, mwombe daktari mwingine aufanyie uchunguzi, lakini mnyama akiwa amekufa ghafla na damu isiyoganda inatoka puani au sehemu ya haja, zuia mtu yeyote asimpasue. Hicho huenda ni kimeta, ugonjwa unaoua na watu pia, na hakuna jalada lenye thamani ya maisha ya mtu.

Jambo jingine linaniuma kila mwaka. Taaluma yetu ni ndogo na wengi tumesoma chuo kimoja, Sokoine cha Morogoro. Utakutana na jina la uliyelala naye bweni moja, au aliyekusimamia ukiwa mafunzoni. Usijiambie utatenda haki tu. Andika kwamba mnafahamiana, mpe mwenzako jalada, na usimpigie simu mlalamikiwa "kumpa tahadhari". Simu hiyo moja huua shauri zima, na mfugaji akijua, hatarudi tena.

Usimwahidi mtu fidia pia. Baraza linashughulika na leseni na nidhamu, na anayetaka kulipwa ng'ombe wake atakwenda mahakamani. Mwambie siku ya kwanza.

Uamuzi ukitoka, barua iwe ya Kiswahili anachokielewa mlalamikaji, na itaje haki yake ya kukata rufaa. Yule mama nilimsomea yake tukiwa tumeketi kwenye benchi la nje. Aliuliza maswali matatu, na la tatu lilikuwa la chanjo ya ndigana kwa ndama aliyebaki.