Maswali Yenu: Rufiji imefurika, mbona Mtera haijajaa?

SWALI: Huku Ikwiriri mto umevunja kingo, mashamba yamezama. Lakini nasikia bwawa la umeme la Mtera liko mita 692 na maji bado hayatoshi. Bwawa la kina hicho halitoshi vipi? Na mvua yote hii inakwenda wapi?

JIBU: Hiyo 692 si kina. Ni kimo cha uso wa maji kutoka usawa wa bahari, na inawachanganya wengi. Mtera hujaa ikifika 698.5, ikishuka hadi 690, mitambo ya umeme inatakiwa kuzimwa. Kwa hiyo ukisikia namba, toa 690: zimebaki mita 2 za kazi kati ya 8.5. Tena mita hizo ni za chini, ambako bwawa ni jembamba kama kitako cha bakuli, kwa hiyo maji yake hayafiki hata robo.

Mafuriko yenu ni habari nyingine. Rufiji huzaliwa na Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, na Kilombero peke yake huleta zaidi ya nusu ya maji. Mtera iko kwenye Ruaha Mkuu, juu ya bwawa la Kidatu. Mvua ya Ifakara, bondeni Kilombero, inyeshe mwezi mzima, Mtera haipati hata ndoo.

Mtera husubiri mvua ya bonde la Usangu huko Mbeya, na ya mito Ruaha Mdogo wa Iringa na Kisigo. Kisigo hushuka kwa kishindo, na tope lake. Maji ya Usangu ndiyo yanayochelewa: ardhi iliyokauka hunywa kwanza, mifereji ya mpunga huchukua sehemu yake, kisha kinamasi cha Ihefu lazima kijae mpaka maji yapande mwamba wa Ng'iriama. Hapo ndipo mto huanza kutoka. Kiangazi nako jua la Dodoma linaweza kukausha karibu mita 2 za maji kwa mwaka, ilhali mvua ya huko haifiki hata mita 1. Bwawa hushuka hata mitambo ikiwa imelala.

SWALI: Je, Bwawa la Nyerere, lililo kwenye Rufiji juu yetu, halizuii mafuriko?

JIBU: Huyapunguza likiwa na nafasi. Likikaribia kimo chake cha kujaa, mita 184 kutoka usawa wa bahari, kinachoingia hakina budi kutoka. Kwa hiyo Machi na Aprili fuatilieni mvua ya Kilombero na matangazo ya kufungulia maji. Namba ya Mtera haitawasaidia.