Mnaoanza dizaini na kazi za kuhudumia wagonjwa, mjifunze kulala kwanza

Nianze na neno lenyewe maana tunalo mdomoni kila siku na hatuliangalii. Mzima. Unaulizwa mzima wewe, unajibu mzima, afu hapo hapo unalalamika usiku mzima hujalala na mtoto wa jirani kakujibu vibaya na we ni mtu mzima. Kutoumwa, kuwa hai, kukua, kutomegwa, vyote neno moja. Na mtu aliyekatwa mguu ukimuuliza atakuambia mzima na wala hadanganyi. Kwa hiyo uzima sio kuhesabu vipande ukaona vimetimia. Ndo maana ile tafsiri ya WHO, Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika 1948, kwamba afya ni kuwa vizuri kikamilifu kimwili, kiakili na kijamii na sio kukosa ugonjwa tu, mi naikubali nusu. Kuingiza akili na jamii wamepatia, hilo "kikamilifu" ndo linanishinda, nani sasa atakuwa na afya, hata mvaa miwani kashatoka.

Mi haya niliyajua kwa aibu. Mwanzoni kabisa nilipewa kazi ya kupanga kengele za kuita nesi kwenye wodi moja, wengine wakapewa vitanda, wengine taa, kila mtu na kipande chake. Kengele yangu ilikuwa nzuri jamani, kubwa, nyekundu, inabonyezeka vizuri, nikaibandika ukutani upande wa kulia wa kila kitanda, nikapiga picha nikaondoka. Baada ya muda nikapita nikakuta mzee mmoja aliyepata kiharusi, mkono wa kulia haunyanyuki, anagonga kijiko kwenye chuma cha kitanda. Ting ting ting. Nesi akaniambia wala hajashtuka, huyo ndo kengele yake hiyo. Kitanda kizuri, taa nzuri, kengele nzuri, na mzee anagonga kijiko.

Siku hiyo nililala kwenye kitanda kitupu kama saa nzima hivi, manesi wananicheka, na ndo nikaona kumbe taa inanipiga machoni, dari ina madoa, na sauti ya bomba la sinki inaingia kichwani. Kumbe kuna mtu alishayawaza zamani sana. Alvar Aalto, msanifu majengo wa Finland, alipochora sanatoriamu ya Paimio, hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu, iliyomalizika 1933, alianzia kwa mtu aliyelala chali, sio anayetembea. Dari la chumba cha mgonjwa likapakwa kijani cha kutuliza macho, taa ikakaa mahali isipomulika usoni, sinki likachongwa maji yaangukie kwa mteremko yasipige kelele za kumwamsha wa kitanda cha pili. Hadi vitasa vya milango vilikunjwa visinase mikono ya makoti ya madaktari. Hivyo vyote ni vitu vidogo, ila vinasaidiana, na hapo ndo uzima ulipo.

Upande wa huduma naomba mumjue Cicely Saunders wa Uingereza. Alikuwa nesi, akawa ofisa wa ustawi wa jamii, akaja kuwa daktari, na mwaka 1967 akafungua hospisi ya St Christopher's kule London, yaani mahali pa kuhudumia wagonjwa walio mwisho wa maisha. Kuna mgonjwa Saunders alimuuliza maumivu yako yakoje, mgonjwa akajibu yalianzia mgongoni ila sasa naona mimi mzima ndo nina shida. Akaanza na mwili, akamaliza na watu wa nyumbani na mawazo yake. Saunders akaona mwili, akili, jamaa na roho vinauma kwa pamoja, ukitibu mgongo peke yake unamwacha mtu palepale. Nyie manesi wapya hilo mtaliona wiki ya kwanza tu, dawa imeingia vizuri, presha iko sawa, na mtu kageukia ukutani.

Sasa cha kufanya. Kabla hujachora chochote kalale pale, kaa pale, usiku pia, maana wodi ya mchana na ya usiku ni wodi mbili tofauti. Muulize mhudumu wa usafi kabla ya bosi, yeye ndo anajua kipi kinahamishwa kila siku kwa sababu kiliwekwa pabaya. Na ukirekebisha kitu kimoja angalia jirani yake kimeumia nini, Christopher Alexander, msanifu majengo na mwandishi, alishindilia sana hilo. Mfano wake wa dirisha ni rahisi, mtu anavutwa na mwanga na huku anataka kukaa, ukiweka viti mbali na dirisha unamvuta pande mbili mchana kutwa bila yeye kujua kinachomchosha.

Na nyie wenyewe msijigawe. Ukimhudumia mtu masaa kumi na mbili hujanywa hata maji, mikono inafanya kazi ila mgonjwa anakuona haupo, wanajua sana hao.

Kengele tulizibadilisha, zikawekwa kwenye waya mrefu wenye kibanio, unabana kwenye shuka upande wowote. Nikajisifu wiki mbili. Nesi wa usiku akanipigia, wakitandika upya zinadondoka uvunguni na hakuna anayekumbuka kuzirudisha. Basi nikarudi tena kulala.