Maswali na majibu: kusoma takwimu za kijiji cha India

Kwenye jedwali la sensa, kaya ni nini? Ni nyumba? (Msomaji, Tanga)

Si nyumba, ni jiko. Wanaokula chungu kimoja ni kaya moja. Ndugu wawili wenye wake na watoto wanaweza kuishi ua mmoja na kuchota maji bomba moja. Wakipika pamoja ni kaya moja, wakitenganisha majiko ni mbili. Kwa hiyo kaya zikiongezeka haraka kuliko watu, mara nyingi familia kubwa zinagawanyika.

Kwa nini watoto wa miaka 0 hadi 6 hutengwa? (Msomaji, Nakuru)

Kwa sababu kiwango cha kujua kusoma na kuandika huhesabiwa kuanzia miaka 7. Lakini nakuomba uitazame safu hiyo kwa jambo zito zaidi: linganisha wasichana na wavulana. Mwaka 2011, India nzima ilikuwa na wasichana 919 wa umri huo kwa kila wavulana 1,000. Jimbo la Haryana walikuwa 834. Maumbile hayafanyi hivyo. Mimba za mabinti zimetolewa baada ya kipimo cha ultrasaundi, ingawa sheria ya 1994 inakataza kupima ili kujua jinsia ya mtoto. Kijiji kimoja kidogo usikihukumu haraka, maana watoto wenyewe ni wachache na tofauti ya watano sita inaweza kutokea tu. Wasichana wakipungua kijiji baada ya kijiji wilaya nzima, hapo kuna wanaozuiwa wasizaliwe.

Mbona wanaandika SC na ST tu, na tabaka nyingine hazionekani? (Msomaji, Dodoma)

SC ni tabaka zilizoorodheshwa kisheria, yaani Wadalit, waliokuwa wakitengwa kama najisi. Mwaka 2011 walikuwa asilimia 16.6 ya Wahindi wote. ST ni makabila ya asili yaliyoorodheshwa, asilimia 8.6. Wanahesabiwa kwa sababu viti hutengwa kulingana na idadi yao, hadi kwenye baraza la kijiji, panchayat. Tabaka nyingine hazijahesabiwa kikamilifu kwenye sensa tangu 1931, ila mwaka 2025 serikali ilitangaza kwamba sensa ijayo itazihesabu.

Angalia hapa, maana wengi huteleza: orodha ya SC inakubali Wahindu, Masingasinga na Wabudha tu. Mdalit aliyeingia Ukristo haingii humo, hata kama bado anaishi mtaa uleule wa pembezoni na jirani bado hamkaribishi jikoni kwake. Nadhani hilo ni dhuluma. Sifuri kwenye safu ya SC haimaanishi kijiji hakina wanaotengwa.

Ni kweli kuna vijiji vya watu wenye asili ya Afrika? (Msomaji, Mombasa)

Kweli kabisa. Jambur, karibu na msitu wa Gir huko Gujarat, ni kijiji cha Wasiddi, ambao mababu zao walivuka Bahari ya Hindi wakiwa watumwa, askari na mabaharia. Wanazungumza Kigujarati, wengi wao ni Waislamu, na katika sehemu hiyo ya Gujarat wanahesabiwa kwenye ST.

Takwimu mpya zaidi ya 2011 nizipate wapi? (Msomaji, Muscat)

Za sensa bado. Ile ya 2021 iliahirishwa kwa sababu ya korona, na inayofuata imepangiwa tarehe 1 Machi 2027 kuwa siku ya kuhesabia kwa sehemu kubwa ya nchi. Ukikuta idadi ya kijiji iliyoandikwa mwaka wowote kati ya 2011 na sensa hiyo, ni makadirio.