Simiti kwenye ukuta wa matumbawe? Wacha kabisa!

Kaka, huyo fundi aliyewaambia mbandue chokaa yote ya kanisa lenu hapo Lamu mpige plasta ya simiti, mpeni nauli aende zake. Leo, kabla hajashusha hata mfuko mmoja.

Nilikuwa kamati ya ujenzi kanisani kwetu Malindi na tuliimbiwa wimbo huohuo. Kontrakta kaja na shati limepigwa pasi, kagonga ukuta kwa kidole, akasema chokaa ni mambo ya kizamani. Pesa yote ya harambee ikaishia kwenye simiti na rangi ya mafuta juu yake, paa likabaki na matundu yake, na siku ya uzinduzi tulipendeza kwelikweli, picha zipo. Masika ilipopita ndo tukaona: ukuta umefura mapovu, chumvi nyeupe inachanua, plasta inadondoka mapande na kila pande limeng'oka na jiwe lake. Mzee mmoja wa kwaya alikoswa chupuchupu, sasa anaimba akiangalia juu, wageni wanadhani ni upako.

Jiwe la matumbawe lina vitundu, linanyonya maji kutoka chini na huku pwani maji yana chumvi. Chokaa inayaachia yatoke, ukuta unakauka. Simiti inayafungia humo, ni kumvalisha mtu koti la mvua juani, basi chumvi inagandia ndani ya jiwe na kulimung'unya. Tena simiti ni ngumu kuliko hilo jiwe, ukuta ukicheza kidogo kinachopasuka ni jiwe. Na kuibandua sasa, weee, inatoka na ukuta, unalipa upya kila kitu! Kontrakta tulipompigia akasema eti jengo lilikuwa limechoka. Limechoka! Hashiki simu mpaka leo.

Kile kikanisa cha Wareno hapa Malindi ni cha karne ya 16, simiti ya Portland imekuja kusajiliwa Uingereza 1824, sasa nani wa kizamani? Na wewe uko Lamu, mafundi wa chokaa unapishana nao vichochoroni, unaagiza simiti ya nini? Chokaa ilolowekwa ikalala wiki kadhaa, mchanga usiwe wa baharini, tabaka nyembamba nyembamba, funikeni magunia yaliyoloa jua lisiikaushe mbio, na juu mpake chokaa vilevile. Inachelewa kushika, mwambieni paroko asikubali harusi za karibuni.

Uliuliza na boriti na madirisha na sijui nini tena... boriti iliyoliwa na mchwa toeni, hayo mengine nimesahau. Kama jengo limetangazwa la kumbukumbu, ongeeni na Makumbusho ya Taifa kabla ya kugusa. Ila nijibu haya upesi: kuna upande mmeshaubandua? Na maji ya paa yanamwagikia wapi, gata zipo au yanaingia kwenye msingi?